Nani Atakijenga Kijenzi cha Kiswahili?

Fundi anayejenga nyumba mjini Nyeri hafui misumari. Mawe huletwa kwa lori kutoka machimboni yakiwa yamekwisha kuchongwa, mabati hununuliwa dukani, milango hutoka kwa seremala na nyaya za umeme hutoka kiwandani. Ustadi wa fundi hupimwa kwa jinsi anavyoviunganisha vitu hivi ambavyo havikutoka mkononi mwake. Yule ambaye angeanza kwa kuyeyusha chuma ili apate msumari angechekwa, na mwenye nyumba angetafuta fundi mwingine.

Mifumo ya kompyuta nayo hujengwa vivyo hivyo. Mwandishi wa programu wa leo huandika sehemu ndogo tu ya mfumo anaoukabidhi kwa mteja. Sehemu kubwa huwa ni vijenzi, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, kila kimoja kikifanya kazi moja inayojulikana, ambavyo mtu aweza kuvichukua na kuvipachika katika mfumo wake pasipo kulazimika kujua yaliyomo ndani. Vingine havipachikwi bali huitwa kutoka mbali kupitia mtandao: mfumo hutuma ombi kwenye seva ya mwenye kazi, nayo ikarejesha jibu, mithili ya karani anayepiga simu Nairobi kuuliza bei ya mnada. Hizi ndizo huduma. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1968, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alipendekeza kwamba vijenzi vya programu vitengenezwe kwa wingi na kuchaguliwa kama vipuri vichaguliwavyo dukani. Miongo kadhaa ilipita kabla ya duka hilo kujaa bidhaa. Sasa limejaa, ila rafu moja iko tupu, nayo ni ile ambayo ilipaswa kujazwa na watu wa idara za Kiswahili.

Ili jambo hili lieleweke, na uchukuliwe mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kiwe cha Othaya, Tetu, Mathira au Mukurweini. Mkulima huyaleta matunda mabivu kiwandani, yakachambuliwa na kupimwa, na kilo zake zikaandikwa kwa jina na nambari yake. Chama humpa mbolea na dawa kwa mkopo. Kahawa humenywa, huchachushwa, huoshwa, hukaushwa, husafirishwa na kuuzwa. Hatimaye malipo hurudi yakiwa yamepunguzwa makato. Kazi hii yote ilikuwa ikifanywa kwa daftari na kalamu, na daftari zilileta ugomvi usiokwisha kuhusu kilo zilizopotea. Leo kijana aliyehitimu Dedan Kimathi, Karatina, Kirinyaga, Chuka, Embu au Meru aweza kukijengea chama kama hicho mfumo mzima katika muda wa miezi michache, tena akiwa peke yake. Hifadhidata ameikuta tayari, nayo ni ya bure. Kijenzi cha kuhakiki nywila amekikuta. Malipo hupitia Daraja, mlango wa huduma ambao Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, iliufungua mwaka 2017 ili mifumo ya wafanyabiashara iweze kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Arafa huzituma kupitia kampuni kama Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010. Ramani za vijiji huzipata kutoka OpenStreetMap. Kilichobaki mikononi mwake ni viungio, pamoja na maneno ambayo mkulima atayasoma kwenye simu yake.

Maneno hayo ndiyo mfumo wenyewe machoni pa mkulima. Haioni hifadhidata, wala hajui kama kuna kitu kiitwacho Daraja (ambalo, kwa mzaha wa mambo, lina jina zuri la Kiswahili ilhali maelezo yake kwa wajenzi yameandikwa kwa Kiingereza). Yeye huona mstari mmoja au miwili ya arafa inayomwambia kilo zake zimepokelewa au mkopo wake umekataliwa. Na katika mstari huo ndimo falsafa ya vijenzi inapokwama.

Sababu yake ni ya kisarufi, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu ataitambua mara moja. Vijenzi vingi vya kutunga ujumbe vilibuniwa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza. Kanuni yao ni kuwa na kiunzi chenye pengo: jina la kitu hutiwa katika pengo, na maneno mengine ya sentensi hayabadiliki. Kwa Kiingereza mbinu hii hufaulu, kwa kuwa kitenzi kinachomaanisha kuidhinishwa hubaki vilevile, kiwe kimeidhinishwa cheti au mkopo. Kwa Kiswahili pengo hilo huivunja sentensi. Mkopo umeidhinishwa, ombi limeidhinishwa, cheti kimeidhinishwa, hundi imeidhinishwa, malipo yameidhinishwa, mwanachama ameidhinishwa. Kiunzi kimoja cha Kiingereza huhitaji viunzi sita, na hapo vivumishi na vimilikishi bado havijaguswa.

Mwandishi wa programu ambaye hana msaada hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huacha ujumbe kwa Kiingereza, na mzee aliyeacha shule katika darasa la nne humtafuta mjukuu wake amsomee habari za pesa zake mwenyewe. Ama huchagua umbo moja, aghalabu la I-ZI, na kulibandika kila mahali: mkopo imeidhinishwa, ombi imekataliwa, malipo imetumwa. Wahadhiri wa Kiswahili wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba upatanisho wa kisarufi unaporomoka katika vinywa vya vijana wa miji ya bara, na kalamu nyekundu zimeishia kwenye insha zenye "gari yangu" na "kitabu hii". Insha moja husomwa na mtahini mmoja. Arafa moja iliyokosewa hutumwa kwa wanachama elfu kadhaa asubuhi moja, hurudiwa kila msimu, na huja ikiwa na mamlaka ya taasisi inayomlipa msomaji. Hakuna kitabu cha sarufi kinachofikia idadi hiyo ya wasomaji vijijini.

Kuna anayedhani dawa ni kuandika kanuni fupi itakayoutambua ubadilishanaji wa ngeli kwa silabi ya kwanza ya nomino. Kanuni hiyo itaandika "kijana kimesajiliwa" na "ng'ombe imechanjwa". Ngeli haikai katika silabi ya kwanza peke yake. Ni maarifa juu ya neno, na maarifa ya aina hiyo huorodheshwa, hayakisiwi. Hazina kuu ya kimataifa ya taarifa za lugha kwa ajili ya kompyuta, iitwayo CLDR, ambayo simu na kompyuta nyingi ulimwenguni huitegemea, imekipa Kiswahili makundi mawili ya idadi: umoja na yaliyosalia. Kwa habari ya idadi hazina hiyo haikukosea. Kuhusu ngeli haisemi neno. Pengo la ngeli humwachia mwandishi wa programu, naye huliachia bahati.

Mambo mengine hayahusu ngeli lakini yametoka katika shina lilo hilo. Kijenzi cha saa hutoa 08:00, na mfumo ukaandika kwamba mkutano mkuu wa mwaka utaanza saa 8:00. Mkulima wa Mukurweini ambaye husoma saa kwa Kiswahili atafika baada ya chakula cha mchana, na Gĩkũyũ chake hakitamwokoa kwa kuwa nacho huhesabu saa vivyo hivyo, asubuhi hiyo kikiiita thaa igĩrĩ. Uchaguzi wa kamati utakuwa umekwisha. Arafa nazo zina alfabeti yake ya asili, ambayo huruhusu herufi 160 katika ujumbe mmoja. Kiswahili chote hutoshea humo. Lakini mtu akiinakili sentensi yenye neno "ng'ombe" kutoka katika programu ya kuandikia iliyoipinda ritifaa, ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi, ambamo nafasi hushuka hadi 70, na chini kidogo ya hapo ujumbe unapogawanywa. Arafa ya herufi 150 huhesabiwa kuwa tatu kwa sababu ya alama moja ndogo. Vilevile herufi za Gĩkũyũ ĩ na ũ hazimo katika alfabeti hiyo, hivyo kuliandika jina la mwanachama kama alivyopewa na wazazi wake kwaweza kukigharimu chama mara mbili au tatu. Si ajabu majina hufika yakiwa yamenyolewa. Nani anapaswa kumwambia mwandishi wa programu mambo haya? Mhandisi anajua hesabu ya herufi, lakini hajui kwa nini ritifaa ile haiwezi kuondolewa tu. Mwanakiswahili anajua tofauti ya ng' na ng, lakini hana habari kwamba ina bei.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili uliokuja kujulikana kama SALAMA, na kutoka chuo hicho ikatoka pia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw wa Ubelgiji na wenzao, walichapisha mwaka 2006 kazi kuhusu kuainisha maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, na nyingine kuhusu kuzirejesha alama za Gĩkũyũ zilizodondoshwa na wachapaji. Mradi wa Kencorpus, uliovishirikisha vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Luhya. Hizi ni kazi za thamani. Hata hivyo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watafiti, na kijana wa Karatina aliyepewa wiki mbili kukamilisha mfumo wa chama hawezi kuipachika kopasi katika arafa ya mbolea.

Mfano unaofaa zaidi kuigwa ni wa kinyenyekevu zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Katika enzi hiyo ilitayarishwa pia orodha ya maneno ya Kiswahili ya kusahihishia tahajia, ikatolewa kwa leseni huria. Toleo la Jambo limesahaulika. Orodha haikusahaulika: imo hata leo miongoni mwa kamusi za tahajia zinazoambatana na LibreOffice, na yeyote anayeandika tasnifu yake humo huitumia pasipo kujua ilikotoka. Ina upungufu, maana Kiswahili huunda maumbo mengi mno ya kitenzi kiasi kwamba orodha tupu haiwezi kuyamaliza, na wino mwekundu huonekana chini ya maneno yasiyo na kosa lolote. Lakini imetumika kwa zaidi ya miaka ishirini kwa sababu ilifanya kazi moja, ilikuwa ndogo, na haikumlazimu mtu kuomba ruhusa.

Pingamizi kubwa hutoka kwa wanaosema kwamba lugha si kipuri. Kuigeuza orodha ya kuitwa na mashine, wasema, ni kuikausha, na mwanafasihi hakusoma miaka minne ili awe karani wa ngeli. Hoja hii ina heshima yake, ila inasahau kwamba kamusi nayo ni orodha, na hakuna aliyewahi kuwashutumu watunzi wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa kukikausha Kiswahili mwaka 1981. Pingamizi zito zaidi lahusu utegemezi. Mnamo Machi 2016 mtu mmoja alikiondoa mtandaoni kijenzi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, kilichokuwa kikijaza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Kazi za waandishi wa programu duniani kote zilikwama kwa saa kadhaa kwa kuwa mifumo yao ilikitegemea, wengi wao bila kujua. Mwezi Desemba 2021 kasoro katika kijenzi cha Log4j iliyatia hatarini mashirika yasiyo na idadi. Anayekopa kijenzi hukopa pia hatima ya mwenyewe. Kwa hiyo ni kweli kwamba orodha ya ngeli iliyotengenezwa na mwanafunzi mmoja na kuachwa mwaka anapohitimu ingekuwa mtego. Hii ndiyo sababu kazi hiyo haifai kuachiwa wapenzi wa kujitolea. Idara ya chuo kikuu haihitimu. Kila Septemba hupokea vijana wapya, na ina wahadhiri ambao hubaki.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi imekwisha kufanywa na akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Ni kweli mitambo hiyo sasa hutunga sentensi za Kiswahili zenye upatanisho mzuri kwa kiasi. Lakini ujumbe unaomwambia mtu kwamba malipo yake yametumwa haufai kutungwa upya kila mara na mtambo unaokisia. Wapaswa kuwa uleule, uliokaguliwa na kuidhinishwa, usio na gharama zaidi ya arafa yenyewe. Tena mitambo hiyo hujifunza kwa kusoma yaliyoandikwa. Ikilishwa miaka kumi ya "mkopo imeidhinishwa", haitakuwa na sababu ya kuandika vingine.

Kuhusu ugomvi wa istilahi, ambao umekula saa nyingi za makongamano, vijenzi vina jibu la kushangaza kwa wepesi wake. Wakenya wengi wasomi hupendelea tarakilishi, Watanzania husema kompyuta, na ngamizi haijakosa watetezi. Katika mfumo wa vijenzi si lazima apatikane mshindi. CLDR tayari huvitenganisha Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda na cha Kongo, hivyo kila upande waweza kuwa na faili yake na mfumo ukachagua kwa kumtazama msomaji. Wabishi wangepoteza uhondo, na labda hiyo ndiyo hasara pekee.

Kazi inayohitajika si kubwa kama inavyodhaniwa. Nomino elfu mbili zitumikazo katika kilimo, ushirika, afya, shule na fedha zingeyatosheleza mahitaji mengi ya mifumo ya miji hii. Kila nomino ingeandikiwa wingi wake, ngeli yake, na alama ya kuonyesha kama ni ya kiumbe mwenye uhai. Juu yake kingewekwa kijenzi kidogo ambacho mfumo ungekiuliza: neno ni "mkopo", kitenzi ni "idhinishwa", wakati ni uliopita hali timilifu, nacho kikajibu "umeidhinishwa". Mafunzo ya mofolojia ya muhula mmoja yanatosha kuandaa orodha hiyo, na mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu aweza kukiandika kijenzi chenyewe. Masafa si kisingizio. Kutoka Karatina hadi Nyeri ni safari fupi ya matatu, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kando ya barabara ya kwenda Mweiga, kina wataalamu wa kompyuta na shamba lake la kahawa. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya eneo hili wangeweza kuanza kwa viwanda vilivyo jirani: waombe arafa zinazotumwa kwa wakulima baada ya majina na kiasi kufutwa, wazisahihishe, waone ni nomino zipi zinazorudiwa. Neno "makato" pekee litawapa mjadala wa wiki nzima.

Kikwazo cha kweli ni alama. Kanuni za utahini hutambua tasnifu yenye sura tano na kurasa zilizojalidiwa. Hazina nafasi ya kuandika kwamba mwanafunzi ameongeza nomino 300 zilizohakikiwa katika hazina inayotumiwa na mifumo hai, na mhadhiri anayetafuta kupandishwa cheo hapati chochote kwa kuitunza hazina hiyo. Mwanafunzi mwenye akili timamu huchagua tasnifu, huijalidi, na nakala moja huwekwa maktabani. Seneti za vyuo hubadilisha kanuni hizi zinapotaka. Zimekwisha kubadilisha mengi tangu vyuo hivi vilipopewa hati. Idara moja tu ikikubali kuipokea orodha kama hiyo badala ya sura mbili za tasnifu, mavuno makuu ya kahawa yaanzapo mwezi wa Oktoba kutakuwa na kitu cha kumkabidhi yule kijana wa Karatina.